Kopo la Udongo wa Elisante

Mmeniuliza mara nyingi, kila mmoja kwa wakati wake, ofisini, kantini, hata kwenye foleni ya maji: "Namkunda, safari ilikuwaje?" Kila mara nimejibu "nzuri" nikainamia kazi. Haikuwa nzuri. Bakari amekwisha kuwasimulia nusu yake, ile nusu ya yeye kutapika, na mmecheka mpaka basi. Nusu iliyobaki naiandika hapa, muisome mara moja mniache. Habari za vibali, masurufu na mihuri siziandiki. Anayezijua anazijua, na asiyezijua Mungu amwepushe nazo.

Kwa wale wa masjala ambao hawajui tunachofanya chumba cha mwisho, ni hiki. Zinatujia picha zilizopigwa na setilaiti. Picha hizo hazioni chini ya ardhi, hata mtu akisema nini. Zinaona joto la juu ya uso wa nchi, zinaona theluji ilipo na ilipoondoka, basi. Sisi ndio tunaochukua ramani ya mwinuko, tukaangalia upande gani wa mlima una kivuli, kisha tukakisia: hapa ardhi imeganda mwaka mzima, hapa haikuganda. Penye kuganda tunapaka bluu. Baada ya hapo lazima mtu aende na kipimajoto akatoboe ardhi kuhakikisha. Safari hii mlima ulikuwa Kilimanjaro, na mtu alikuwa mimi, pamoja na Bakari.

Jambo ambalo sikuwaambia ni kwamba mdogo wangu Elisante amelala ndani ya ile bluu.

Bombo hadi Same

Nilitangulia nyumbani kwanza, Bombo, kumwona mama. Nilimkuta amekaa mlangoni, miguu imevimba, kifua kinakoroma. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniangalia toka juu hadi chini.

"Umekonda. Huko mjini hamli?"

"Tunakula, mama."

"Mnakula nini, karatasi?"

Alikuwa anajua nimekuja na karatasi, maana nilikuwa nimemtumia salamu. Nikamtandikia picha mezani, nikazuia pembe zake kwa vikombe. Mama akaitazama muda mrefu, akauliza mwanawe yuko wapi hapo. Nikamwonyesha doa la bluu karibu na kilele cha Kibo, dogo kuliko punje ya maharage.

"Na mashine hii inamwona?"

"Haioni watu, mama. Inaona baridi tu."

"Baridi hata mimi naiona," akasema, akajifunika kanga.

Elisante alikuwa mkata mkonge huko tambarare, kwa sababu shamba letu la mlimani halikutosha kugawana. Mkonge ulipokosa soko na shamba likaanza kupunguza watu, akaenda Moshi akawa mpagazi, kubebea watalii mizigo. Mwaka juzi dhoruba ya theluji iliwakuta juu kabisa, karibu na shimo la volkeno. Akafia pale. Wenzake hawakuweza kumteremsha, wakamfunika kwa mawe, wakasema watarudi. Waliporudi palikuwa pamefunikwa na theluji, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kurudi tena.

Katika ukoo wetu, mtu aliyefia mbali na mwili wake haukurudi, hufuatwa. Anayemfuata ni ndugu wa tumbo moja. Huchukua udongo pale alipolala, udongo ambao mwili umekwisha kuuingia, akauleta nyumbani bila kuuweka chini hata mara moja, na kila penye njia panda humwambia marehemu wamefika wapi, asije akapotea. Udongo ukifika huzikwa penye migomba pamoja na waliotangulia, na hapo ndipo watu humlilia wakamaliza. Mchungaji wetu anajua jambo hili na hujifanya hajui, nami namshukuru kwa hilo. Kwetu hakuna aliyemlilia Elisante akamaliza. Kila mvua ya ngurumo mama hufungua mlango akachungulia.

"Mimi nakwenda," aliniambia asubuhi ya kuondoka. "Sisemi leo, lakini nakwenda. Baba yako ataniuliza mtoto yuko wapi. Nimwambie yuko njiani?"

Akanipa kopo la maziwa ya unga alilokuwa akiwekea chumvi. Alikuwa ameliosha na kulianika. Akanifungia na makande kwenye jani la mgomba.

Niliteremka kwa miguu hadi barabarani, nikapata lori la tangawizi. Likaharibika Kisiwani, tukakaa chini ya turubai mchana kutwa, tukila wali kwa maziwa tuliyouziwa na mama mmoja mfugaji. Mfanyabiashara wa mitumba aliyekaa juu ya robota lake alitusemea yale mnayoyasema ninyi kila siku: zamani hela zilikuwepo vitu havipo, sasa vitu vimejaa tele hela haipo. Akaniuliza kopo lile la nini. Nikamwambia la udongo. Akasogea pembeni kidogo, akalikumbatia robota lake.

Same hadi Moshi

Bakari nilimkuta Same, kwenye hoteli ya miti na bati, anapigana na chai ya rangi isiyo na sukari. Upepo wa Same mnausikia tu. Unachukua vumbi la stendi nzima unalitia kwenye kikombe chako halafu unalipia. Bakari, mtoto wa pwani, alikuwa amejifunga shuka kichwani anasema hii ndiyo baridi ya mlimani aliyoambiwa. Nikamwambia hapa ni joto, subiri.

Basi lilichelewa, likaja, likachelewa tena likiwa limesimama. Nje kidogo ya mji mawingu yakafunguka, tukauona Kibo umekaa peke yake, mweupe, mbali sana. Bakari akasema, "Dada, mbona padogo hivyo? Tutatosha kweli?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natafuta kwa macho lile doa, nikijua kabisa jicho haliwezi kuliona.

Moshi tulipokewa na Mzee Temba, kiongozi wa wapagazi, ambaye nilimwomba mimi mwenyewe kwa jina. Ndiye aliyekuwa na Elisante siku ile. Aliposikia natoka Upare akaanza utani wa watu wa Moshi kwetu: "Ninyi ndio mnauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku?" Nikamwambia sisi ndio, na kuku tunashinda. Akacheka. Kisha nikamtajia jina la mdogo wangu, akavua kofia, akawa anaizungusha mikononi.

"Kumbe ndiwe dada mtu," akasema. "Alikuwa anakutaja. Alisema wewe unapiga picha kutoka mbinguni."

Sikuwahi kupiga picha yoyote kutoka mbinguni. Ndivyo alivyokuwa akinisifia.

Juu

Ya kupanda mnayo kwa Bakari. Ni kweli alitapika, ni kweli alimwita mama yake, na ni kweli tulimwacha kibanda cha mwisho akiwa na mpagazi wa kumtunza. Sikucheka. Mimi nilikuwa napanda kwa sababu nina mtu wa kumfuata. Yeye alikuwa anapanda kwa sababu ya posho, na ningekuwa yeye ningegeuka mapema zaidi.

Huko juu ukila uji hauna ladha, ukilala hulali, na ukiinama kufunga kamba ya kiatu unapumzika kwanza ndipo ufunge cha pili. Tulifika ukingoni mwa shimo jua limekwisha kutoka. Mzee Temba akanyoosha fimbo. Rundo la mawe lilikuwa wazi, theluji imeondoka, limekaa kwenye kivuli cha jabali, pale pale tulipopapaka bluu sisi kwa kalamu tukiwa tumekaa kwenye viti Dar es Salaam.

Nilifanya kazi kwanza. Niliogopa nikianza na lile jingine sitaifanya tena. Tukatoboa tundu kwa patasi na nyundo, kwa zamu, nikatumbukiza kipimajoto, nikasubiri. Kilisoma chini ya sifuri. Tukaongeza kina, kikasoma chini ya sifuri. Mnajua tunavyopeana mikono picha ikilingana na ardhi. Nilisimama pale nikiombea tuwe tumekosea. Hatukukosea.

Kisha nikaenda kwenye mawe. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia, yakanipotea, nikasema tu, "Elisante, ni mimi. Mama amenituma." Nikataka kuondoa jiwe la juu. Halikuondoka. Mawe yote yalikuwa yameshikana kwa barafu, rundo zima jiwe moja. Mzee Temba alipiga sululu, ikadunda ikamrudia. Akaniambia wanaume kumi wenye vyuma wangehitaji kutwa nzima, na kutwa nzima mahali pale ingewaua baadhi yao. Nikamwambia sikuja kumchukua. Nimekuja kuchukua udongo.

Nikapiga magoti upande wa chini wa rundo, nikaanza kuchokoa kwa patasi. Ndipo nikaona upenyo kati ya mawe mawili, na ndani yake mkono wa sweta. Sweta ya kijani ambayo mama alimfumia wakati anahamia Moshi. Ilikuwa kijani vile vile. Nyuzi zimekaa kama jana. Mzee Temba akanishika bega akasema, "Usichungulie tena, binti yangu. Chokoa ulichofuata twende, wingu linakuja."

Nilichokoa. Uliotoka haukuwa udongo mnaoujua. Lilikuwa bonge jeusi, kokoto na mchanga vimefungwa ndani ya barafu, zito, linang'ata vidole. Nikalitia kwenye kopo la chumvi, nikafunga kifuniko, nikalifunga ndani ya kanga tumboni. Nikalia pale pale, na machozi yalikuwa yakiniuma mashavu kwa ubaridi.

Same kwa mara ya pili

Tangu pale kopo halikugusa chini. Vibandani nililala nalo kifuani, Moshi nilikula nalo mapajani. Bakari nilimweleza, na kwa heshima yake niseme hakutania hata mara moja. Alinishikia kila nilipokwenda haja, kwa mikono miwili. Moshi ndipo aliporudi kwenu na vitabu vya vipimo, nami nikapanda basi la Same peke yangu.

Bonge lilianza kutoa jasho huko huko Moshi. Ndani ya basi nikitikisa nilisikia maji. Nilijua litayeyuka, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini kujua hakukunisaidia kitu. Nilikuwa nimeketi nikijiuliza kama maji nayo ni yeye.

Kwenye njia panda nilinong'ona, "Elisante, tumeacha Moshi, tunakwenda Same." Jirani yangu kitini, mama mtu mzima mwenye kapu, akaangalia mapajani mwangu, akaangalia chini ya kiti.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Yuko humu," nikagonga kopo.

Nilidhani atahama kiti. Badala yake akaniuliza taratibu, "Wako?" Nikamwambia mdogo wangu. Akasema yeye ni Mama Yusta, Muha wa Kigoma, alikuja na mumewe kukata mkonge wakiwa vijana, na sasa anarudi Bendera. "Mume wangu amelala huko mkongeni," akasema. "Kigoma hakuna aliyekuja kumfuata. Ni mbali, na nauli hakuna."

Kabla ya kuingia Same basi likasimamishwa kwenye kizuizi. Biashara imeruhusiwa, tunaambiwa, lakini kizuizi hakijapata habari. Askari akatuteremsha wote, akaamuru kila mtu aweke mzigo wake chini, akae nyuma yake. Watu wakaweka. Mimi nikabaki nimesimama na kopo langu.

"Wewe mama, weka chini."

"Afande, hiki hakiwekwi chini."

"Kina nini?"

"Udongo."

Akalishika kopo likiwa mikononi mwangu, akalitikisa. Likalia maji. "Udongo unaolia chubwi? Gongo hili. Weka chini!"

Nilikuwa nimefikiria mvua, wezi, lori kupinduka. Sikuwa nimefikiria neno la mtu mmoja. Mama Yusta akatoka kwenye mstari, akainua viganja vyake viwili, akavikusanya. "Weka hapa, mwanangu. Na afande akague hapa hapa." Akapiga goti moja mbele ya yule askari, mikono juu, na mimi nikaliweka kopo viganjani mwake.

Askari alipambana na kifuniko, kikafunguka kwa kupinda. Akachungulia, akanusa, akatia kidole.

"Matope," akasema. "Mama, unapeleka matope Upareni? Kule udongo umewaishia?"

Basi zima likacheka. Mimi nikasema ndiyo, afande, umetuishia. Akanitazama usoni, naye kicheko kikamkauka. Akakibandika kifuniko kwa ngumi, akatuambia tupande. Kifuniko hakikukaa tena sawasawa.

Kisiwani

Lori la kwenda tambarare lilisubiri abiria wajae, kisha likasubiri dereva ale, kisha likasubiri dereva amwage aliyomaliza kunywa. Jua la huku chini halina huruma. Nililifunika kopo kwa mwili wangu, kwa kanga, kwa kapu la Mama Yusta. Lilikuwa linapata moto mkononi.

Barabara ya Kisiwani mnaijua wenyewe kwa sifa. Kila shimo lilirusha kopo. Nilibana kifuniko kwa viganja mpaka vikakosa damu. Mahali fulani baada ya Kisiwani, utingo alipokuwa akipiga bodi kumwambia dereva asimame, nilisikia ubaridi unanitambaa tumboni, ukashuka mapajani. Ubaridi ule ule wa huko juu, katika lile joto. Nikatazama. Kanga ilikuwa imelowa, nyeusi, hadi magotini, na kopo limekuwa jepesi.

Nilipiga kelele. Lori likasimama, watu wakadhani nimeumwa na nyoka. Mama Yusta alinivuta nikaketi, akaikunja ile kanga haraka haraka juu ya mapaja yangu, ile sehemu iliyolowa ndani, kavu nje, lisije likadondoka hata tone kwenye mbao za lori.

"Hajamwagika," alikuwa akisema. "Yuko kwenye nguo. Hajagusa chini. Mwambie tumefika wapi. Sema naye!"

Nikasema, "Elisante, tumepita Kisiwani." Tuliagana pale ninapoteremkia mimi. Yeye aliendelea Bendera, na sikuwa na kitu cha kumpa ila mahindi ya kuchoma tuliyonunua njiani.

Bombo

Nilipanda mlima nimejifunga kanga chafu, kopo mkononi. Siku ile pembe ilikuwa imelia, watu wamekwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Waliponiona, kwa kuwa walijua nilikokwenda, wakaacha ndiva, wakanifuata nyuma na majembe yao bila kuniuliza kitu. Wakachimba shimo dogo penye migomba, pembeni mwa baba.

Mama alipokea kopo, akachungulia. Kokoto, na mchanga mweusi usiojaa kiganja. Akaiangalia kanga.

"Ulimwona?"

Ningeweza kusema hapana.

"Niliona mkono wa sweta."

"Ya kijani?"

"Ya kijani."

"Imeoza?"

"Haijaoza, mama."

Wenye majembe walikuwa wanasubiri. Nikaanza kumweleza, kwa maneno yetu yale ya ofisini, kwamba ardhi ya pale imeganda, haifunguki mwaka mzima, kitu hakiozi. Akanizuia kwa mkono.

"Basi hajawa udongo."

"Hajawa."

"Kwa hiyo huu si wake. Umeniletea udongo wa jirani yake."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Tulizika kopo, tukazika na kanga, wazee wakasema maneno yao, wanawake wakalia. Mama hakulia. Alisimama ameshika mgomba, anaangalia watu wanavyolia, kama mtu aliyefika kwenye msiba wa nyumba nyingine. Jioni ile ikaja mvua na ngurumo. Nikamsikia anainuka, anavuta miguu yake, anafungua mlango.

Asubuhi niliyoondoka aliniomba nimwonyeshe tena ile karatasi. Akaweka kidole kwenye doa.

"Bluu hii inaweza kuisha?"

Nikamwambia ndicho tunachokichunguza. Kwamba huenda mlima unapata joto kidogo kidogo, kwamba picha zikija mwaka hadi mwaka tutaona kama doa linapungua, na wakubwa wetu wanaogopa kwamba litapungua.

"Likiisha, niandikie," akasema. "Likiisha ndipo atakuwa ameanza kuoza. Ndipo umfuate."

Hiyo ndiyo safari. Barua imeletwa wiki hii, mama haongei tena, anatambua watu kwa shida, na akisikia mlango unafunguliwa anageuza kichwa. Juzi pia imefika picha mpya, mliiona, mkashangilia kwamba ni safi haina wingu. Mkapitisha rula kwenye lile doa la Kibo, na mmoja wenu akasema, "Afadhali, halijapungua hata kidogo." Mkanitazama mbona nimetoka chumbani.

Halijapungua. Sijui nimwandikie nini.